Kununua gemu moja ya mafumbo mara mbili, PS4 na Switch: ipi inafaa na ipi ni kutupa hela

#1 Mtanganyika wa Mwanga (mleta uzi)

Wakuu, kwema?

Tangu nitaje kule kwenye uzi wa mpira kwamba Tetris Effect: Connected, ile gemu ya kupanga vipande vinavyodondoka, ninayo kwenye PS4 (PlayStation ya kwenye TV) na nimeinunua tena kwenye Switch Lite (mashine ya mkononi ya Nintendo), inbox haipumui. Mmoja kaniita bilionea wa migebuka, mwingine kauliza kama nina akili timamu. Nimeona niweke uzi kamili mnishambulie hapa hapa, mbele za watu.

Tuanze na hela. PlayStation na Nintendo ni maduka mawili yasiyojuana. Ukiwa na gemu ya PS4 halafu Mungu akakujalia PS5, gemu nyingi unaendelea nazo, hata diski ile ile inaingia kama PS5 yako ina mdomo wa diski. Ukihamia Switch unaanza moja. Hakuna punguzo la mteja wa zamani, na hatua ulizofikia kwa kawaida hazikufuati. Tetris Effect bei yake ya kawaida ni dola 39.99, yaani kama laki moja ya kwetu. Mara mbili ni laki mbili, na laki mbili ukimtajia mama watoto kwamba ni gemu, jiandae kulala sebuleni na hiyo gemu yako.

Sasa msimamo wangu. Gemu ya mafumbo yenye jibu, nunua mara moja tu, iwe PS4 iwe Switch. Gemu ya mafumbo isiyo na jibu, unaweza kuinunua mara mbili na usijute.

Mfano wa yenye jibu ni COCOON, iliyotoka Septemba 2023. Unaongoza kidudu kinachobeba mipira mgongoni, na kila mpira ni ulimwengu mzima ndani yake. Unauweka chini, unaingia, unacheza humo, unatoka, unaubeba tena. Inafika mahali unabeba ulimwengu mmoja ndani ya mwingine mpaka kichwa kinapata moto. Kaiongoza Jeppe Carlsen, yule aliyebuni mafumbo ya gemu za Limbo na Inside, na kazi imetulia kweli kweli. Lakini ukishajua kwamba ule mpira wa kijani ulitakiwa kuachwa kwenye ngazi kabla hujaingia kwenye wa chungwa, umeshajua. Ni gemu ya saa tano au sita. Ukiinunua tena kwenye mashine ya pili unalipia kumbukumbu yako mwenyewe.

Tetris haina hiyo. Haijawahi kuwa na jibu tangu Alexey Pajitnov aitengeneze Moscow mwaka 1984. Vipande saba vile vile, na kila jioni unakutana na rundo jingine.

Hii Effect yenyewe ni kazi ya kampuni ya Tetsuya Mizuguchi, mzee aliyetengeneza gemu ya Lumines. Kila ukigeuza kipande, sauti inaingia ndani ya muziki. Ukikisukuma pembeni, sauti nyingine. Unakuta unapanga vipande kwa mdundo bila kujua. Halafu kuna kitu kinaitwa Zone: ukifuta mistari unajaza kijiduara pembeni, kikijaa unabonyeza kitufe cha nyuma, muda unasimama. Vipande haviteremki tena vyenyewe. Unapanga, mistari iliyokamilika haifutiki, inashuka chini na kurundikana, kisha Zone ikiisha rundo lote linaondoka kwa mpigo. Mara ya kwanza nimefikisha mistari kumi na sita kwenye Zone moja nilisimama kwenye kochi. Wife akadhani Simba wamefunga.

Kwa nini mara mbili? Kwa sababu PS4 ya nyumbani si yangu tena. Wanangu wakitoka shule ni mpira mpaka usiku, na mimi kazi inanipeleka Kasulu na Kibondo mara kwa mara. Switch Lite inalala kwenye begi. Nikifika gesti, umeme uwepo usiwepo, nina kitu changu.

Karibuni.

#2 Kijana wa Ujiji

Naweka kambi hapa.

Ila kaka, laki mbili kwa matofali yanayodondoka? Sisi tulikuwa na kile kidude cha betri mbili kimeandikwa 9999 in 1, skrini ya kijivu, tulikuwa tunakodishana pale nje ya duka kwa pipi.

#3 Mtanganyika wa Mwanga

Kijana wa Ujiji, hicho ndicho kilichotuharibu wengi 😂. Zile 9999 zilikuwa gemu chache tu zimebadilishiwa mwendo. Lakini angalia: wewe mwenyewe umekumbuka matofali, hujakumbuka zile nyingine. Nintendo walijua hilo tangu 1989, Game Boy ilipoingia Marekani ndani ya boksi waliweka Tetris, hawakuweka Mario.

#4 Bi Mgebuka

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Mleta uzi umenigusa. Nina binti wa miaka minane, Kiingereza bado, na mpira hataki hata kuuona. Nyumbani tuna PS4 ya marehemu kaka yake baba yake, pedi moja nzima, nyingine inavuta kushoto. Mjomba wake aliyeko Dar ana Switch na anataka kumletea akija likizo. Nataka nimnunulie gemu moja ya kufikiria. Ninunue ya mashine gani? Na asije akakwama kwenye maandishi akaanza kunilia mimi.

#5 Mtanganyika wa Mwanga

Marahaba dada, na pole kwa msiba.

Kwa asiyesoma Kiingereza, COCOON hiyo hiyo niliyoitaja. Haina mazungumzo, hakuna mtu anayekuelekeza kwa maneno. Fimbo moja ya kutembelea na kitufe kimoja cha kila kitu. Hata hiyo pedi mbovu inaweza kutumika kama inavuta fimbo ambayo gemu haiitumii 😅. Ipo PS4, ipo Switch.

Nyingine ni Gorogoa. Hii ni ya taratibu, picha tupu zilizochorwa kwa mkono na mtu mmoja anaitwa Jason Roberts. Skrini imegawanywa vyumba vinne, kila chumba kina picha. Unaivuta picha ya dirisha unaiweka juu ya picha ya ukuta, ghafla ukuta una dirisha na mtoto anapita. Haina neno hata moja. Ni fupi sana, jioni mbili tatu imeisha, ila atairudia kuwaonyesha wenzake.

Kwa kuwa Switch bado haijafika, nunua ya PS4. Usinunue gemu kwa mashine iliyo Dar.

#6 Bi Mgebuka

Hahaha, hilo la mwisho nimelielewa. Mjomba huyo aliahidi na baiskeli.

#7 Fundi Solda

Niongezee ya kiufundi, maana mleta uzi kaongea kama mshairi.

Wengi hawajui kwamba Switch ziko aina aina, na hapo ndipo swali la kununua mara mbili linapoamuliwa. Switch ya kawaida na ile ya OLED unaichomeka kwenye kizimba chake inaonekana kwenye TV, unaichomoa unaondoka nayo. Mwenye hiyo hana sababu yoyote ya kununua gemu ya mafumbo PS4 tena. Lakini Switch Lite haiendi kwenye TV kabisa, haina huo uwezo. Kwa hiyo mleta uzi ana hoja kwa sababu ya mashine aliyonayo, asije mwenye OLED akasoma hapa akaenda kulipa mara mbili.

Pili, Lite haitetemi. Tetris Effect kwenye pedi ya PS4 unausikia muziki mpaka kwenye viganja, kwenye Lite unausikia masikioni tu. Vaa earphone, vinginevyo umenunua nusu ya gemu. Ila Lite imeshinda sehemu moja: ina msalaba wa kweli wa kuongozea, ule wa kipande kimoja. Switch ya kawaida upande wa kushoto ina vitufe vinne vilivyoachana. Kwa gemu ya vipande vinavyodondoka, msalaba ni kila kitu. Fimbo itakuangushia kipande pasipo.

Tatu, TV. Hizi TV zetu nyingi zina uchelewaji, unabonyeza sasa kipande kinageuka baadaye kidogo. Kwenye mpira huoni. Kwenye Tetris ikikimbia, utadhani umezeeka. Ingia kwenye mipangilio ya TV tafuta hali ya gemu uiwashe. Wateja wangu wawili walitaka kubadilishiwa pedi, kumbe ni TV.

Nne, umeme. PS4 ikizimika ghafla wakati inaandika kwenye hard disk, siku ya kuwasha inaanza kukagua, na siku mbaya inakataa kabisa. Hizo ndizo zinazojaa mezani kwangu kila msimu wa mvua. Mashine yenye betri haijui hata kama umeme umekatika.

#8 Pedi Mbovu

Mnajisumbua. Switch ipelekwe ikachipiwe, iwekewe chipu ya kuchezea gemu za wizi, zote bure. Mafumbo, matofali, kila kitu. Laki mbili naenda kununua mbuzi.

#9 Fundi Solda

Mkuu, naletewa hizo. Nintendo wakiigundua wanaifungia mashine yenyewe, siyo akaunti peke yake. Kuanzia hapo hakuna duka, hakuna kucheza na watu mtandaoni. Halafu mwenye mashine anaiuza kimya kimya, anayeumia ni mnunuzi wa mkono wa pili. Ukinunua Switch iliyotumika, kabla hujatoa hela iunganishe na hotspot ya simu yako, fungua duka la Nintendo. Likikataa, muachie mwenyewe.

Na mbuzi wa laki mbili huyo ni wa wapi?

#10 Reli ya Kati

Nawasoma kutoka Tabora, nusu ya maisha yangu nipo kwenye behewa kati ya hapa na Kigoma.

Nampinga mleta uzi. Mafumbo yenye jibu nayo yanaweza kununuliwa mara mbili. Mimi ninayo Return of the Obra Dinn kwenye Switch na nimeinunua tena kwenye PS4. Kwa wasioijua: ni meli iliyopotea baharini, imerudi bandarini mwaka 1807 haina mtu hai. Wewe ni mkaguzi wa bima. Una saa ya mfukoni, ukiigusisha na maiti unasikia sekunde za mwisho kisha unaona ile dakika ya kifo imeganda kama picha, unazunguka ndani yake. Watu sitini, kila mmoja utaje jina lake, kafaje, kauawa na nani. Na mbuni wake, Lucas Pope, mjanja: gemu haikuthibitishii jibu mpaka uwe na matatu sahihi kwa pamoja. Kwa hiyo huwezi kubahatisha mmoja mmoja.

Mimi niliimaliza safarini. Kisha nikainunua PS4 nikampa baba. Mzee alifanya kazi melini huko Ziwa Tanganyika, hizi mambo za ngazi na vyumba vya chini anazijua. Nilikaa pembeni nimefunga mdomo. Alikuwa anatambua mtu kwa kazi anayoifanya, huyu anashika kamba fulani basi ni wa sitaha ya juu, wakati mimi nilihangaika na orodha ya majina. Ile raha ya kumtazama mwingine akifumbua kitu unachokijua haikuwepo mara ya kwanza. Sijaona kama nimetupa hela.

#11 Mtanganyika wa Mwanga

Reli ya Kati, heshima yako, na mpe mzee shikamoo yangu. Lakini hapo hukujinunulia wewe. Umemnunulia mzee zawadi. Zawadi ina hesabu zake.

Mimi naongelea mtu mmoja, mashine mbili, kichwa kimoja. Na Obra Dinn ndiyo mfano mbaya kuliko yote kwa kichwa kimoja, maana ukishajua nani kamuua nani, hata ukisubiri miaka, sura ukiiona tu jibu linakuja lenyewe.

#12 Reli ya Kati

Sawa, lakini ungesema hivyo tangu juu. "Nunua mara moja tu" ulivyoandika inaonekana kama sheria ya bunge.

#13 Mtanganyika wa Mwanga

Imerekebishwa kichwani mwangu, pale juu naiacha ili watu waelewe ugomvi ulianzia wapi.

#14 Dkt. Mawese

Mimi si mtu wa gemu sana ila nimeingia kwa ajili ya akaunti. Kijana wangu ana PS4, kaletewa vocha ya duka la PlayStation na rafiki yake wa Uingereza, inakataa. Muuzaji mmoja wa mtandaoni naye alituuzia nyingine, inasema si ya eneo letu, na simu sasa hapokei. Tatizo ni nini?

#15 Fundi Solda

Daktari, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN, yaani mtandao wa PlayStation wenye hilo duka. Kwa hiyo kila Mtanzania mwenye akaunti aliifungua kwa nchi nyingine, wengi Marekani, wengine Afrika Kusini au Uingereza. Vocha lazima ifanane na nchi ya akaunti. Akaunti ya Marekani haili vocha ya paundi hata uibembeleze. Na kibaya zaidi, PSN ukishachagua nchi huwezi kuibadilisha, labda ufungue akaunti nyingine. Mwulize kijana aliifungua kwa nchi gani, ndipo umwambie huyo rafiki anunue nini.

Nintendo wao wana nafuu. Nchi ya akaunti unaibadilisha, ila salio lililobaki lazima uwe umelimaliza kwanza.

Diski na kadi hazina ubaguzi huo. Diski ya PS4 ya Dubai inacheza hapa, kadi ya Switch ya Japani inacheza hapa. Angalieni tu lugha iliyomo ndani. Nyongeza za kununua mtandaoni ndizo zinazotaka akaunti ifanane na diski.

#16 Dkt. Mawese

Nimeelewa kuliko nilivyoeleweshwa na huyo muuzaji. Kumbe akaunti ya kijana ni ya Afrika Kusini.

#17 Kijana wa Ujiji

Swali la njaa: bando. Hapa kwangu kushusha gemu kubwa ni kufunga na kuomba. Ya diski kwenye PS4 inahitaji intaneti?

#18 Mtanganyika wa Mwanga

Inategemea, na hapa ndipo nilipotaka watu wafike.

Diski ya PS4 ukiiweka inajisakinisha kwenye mashine bila intaneti, na ukitaka kucheza lazima diski iwe ndani. Sasa diski ya Tetris Effect ilitoka 2018 na ndani ina gemu ya 2018, ya kucheza peke yako. Yale mambo ya kucheza na wengine, watatu mnaungana dhidi ya adui mkubwa mmoja, yalikuja kwenye PS4 kama nyongeza ya bure Agosti 2021. Hayo utayashusha. Ukiwa mpweke kama mimi gesti za Kibondo, ya kwenye diski inatosha kabisa.

Upande wa Switch, kadi inacheza moja kwa moja, haisakinishi. Hatua zako zinahifadhiwa kwenye mashine, siyo kwenye kadi, kwa hiyo ukiiuza kadi hujauza jasho lako. Ila soma boksi vizuri: mengine ndani yana karatasi ya namba ya kushushia tu, mengine yameandikwa kwa maandishi madogo kwamba lazima ushushe. Na Lite ina GB 32 tu za ndani, tafuta memori kadi.

Kwa mwenye kubana bando, mafumbo ndiyo rafiki. Animal Well iliyotoka Mei 2024 kwenye kompyuta ina MB 33 hivi, gemu nzima, imetengenezwa na mtu mmoja kwa miaka. Bahati mbaya haipo PS4, ipo PS5 na Switch.

#19 Bi Mgebuka

Naomba nirudi kidogo. Nimesikia kadi za Switch ni ndogo kama kucha. Mdogo wake ana miaka miwili, kila kitu mdomoni.

#20 Fundi Solda

Dada, watengenezaji waliliwaza hilo. Kadi zimepakwa dawa chungu isiyo na madhara, akiigusisha ulimi ataitema mwenyewe. Nimeionja kwa ajili ya sayansi, uchungu ulikaa mpaka nilipokula ugali na dagaa. Bado weka juu ya kabati, maana kutema na kutupa chooni ni vitu viwili vya mtoto mmoja.

#21 Pedi Mbovu

Haya, nimelegea. Nina vijana wanne ndani, PS4 moja, kila siku ngumi. Matofali ya kushindana yapo? Na hapo ninunue mara ngapi?

#22 Mtanganyika wa Mwanga

Puyo Puyo Tetris 2. Mara moja, PS4, uongeze pedi. Skrini inagawanyika mpaka watu wanne kwenye TV moja. Mmoja anaweza kucheza Tetris, mwenzake Puyo, zile tone za rangi ambazo nne za rangi moja zikigusana zinapasuka. Ukipasua kwa mnyororo unamtupia mwenzako takataka juu ya rundo lake. Kuna na aina ya kubadilishana ambapo gemu inakuhamisha kutoka Tetris kwenda Puyo na kurudi, yule uliyemdharau kwenye moja anakulipiza kwenye nyingine. Mkubwa hashindi kwa ukubwa.

Kwenye Lite usijaribu, skrini ile vichwa vinne havitoshi.

#23 Pedi Mbovu

Pedi nne tena? Mbuzi amerudi kwenye mjadala.

#24 Reli ya Kati

Anza na mbili, anayeshindwa anampisha mwingine. Sisi mabandani tulikua hivyo hivyo. Mleta uzi, ile diski yako ya Tetris kama watoto wako hawaigusi, mimi naingia Kigoma Jumamosi na treni. Obra Dinn ya mzee ishamalizika, tubadilishane kwa mwezi.

#25 Mtanganyika wa Mwanga

Njoo nayo mkuu. Nitakuwa stesheni. Ila wife naye anaitaka hiyo meli, kwa hiyo usiniambie nahodha alikufaje.